Msumeno Uliokatazwa Kugusa Mti

Baba alikwenda mnada wa Ogwedhi na fahali mweusi, akarudi na mashine.

Alikuwa ametumwa kuni. Yaani, walikuwa wamekubaliana na mama kwamba fahali auzwe, na kwa fedha zake wakodiwe wanaume wenye mashoka waukatekate mkalitusi ulioanguka katika boma la zamani la babu, ili mama apate magogo ya kuchomea matofali. Mpango haukuwa na kona. Lakini alasiri ile lori lilisimama kando ya barabara ya Kosele, wanaume wawili wakashusha kitu kizito kilichoviringishwa kwenye gunia, na baba akawafuata polepole, kifua mbele, kama mtu anayemleta bibi harusi nyumbani.

"Fahali yuko wapi?" mama akauliza.

"Ndiye huyo," baba akasema, akionyesha gunia kwa fimbo.

"Na wenye mashoka?"

"Nao ndio hao."

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, Wazungu walipokuwa wakifunga mizigo, na kila mtu kwetu alikuwa akinunua kitu kilichoachwa. Mmoja alipata kitanda cha chuma chenye magurudumu. Mwingine alinunua kinanda ambacho nusu ya meno yake haikutoa sauti. Jirani yetu wa chini alinunua bafu zima la kuogea, akalifanya la kunyweshea ndama. Kwa hiyo baba hakuwa mwendawazimu peke yake. Kitu kilichokuwa ndani ya gunia kilikuwa msumeno wa mnyororo, wa zamani, ule wa kushikwa na watu wawili: upande mmoja injini yenye mikono miwili kama ya baiskeli, katikati ulimi mrefu wa chuma ambao mnyororo wenye meno huuzunguka, na mwishoni kabisa mshikio mwingine wa mtu wa pili. Ulikuwa umekata miti katika misitu ya kule ng'ambo ya Ogwedhi mpaka ukachoka. Aliyemuuzia baba alimwambia kwamba haujaharibika, umelala tu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu kule Kampala, ninasubiri kuitwa kazini, na sikuwa na la kufanya ila kuuliza maswali. Nikauliza ulikuwa umelala tangu lini. Baba akasema mtu hamuulizi mnyama aliyemnunua umri wake.

Mama alikwenda nyuma ya nyumba kutazama tanuri lake.

Lazima nieleze matofali hayo, maana ndiyo yaliyokuwa na haraka. Sisi wengine wote hatukuwa na haraka yoyote. Mama alikuwa ameyafyatua kiangazi chote pamoja na kina mama wenzake wa kanisani, wakichota udongo kando ya kijito, wakiukanyaga, wakiutia kwenye kalibu ya mbao, wakiuanika. Kisha aliyapanga akayafanya tanuri refu kama ghala, lenye matundu mawili chini ya kusukumia magogo, akalifunika kwa nyasi. Tofali bichi ni udongo uliopewa ahadi tu. Likichomwa siku kadhaa kwa moto wa magogo makubwa, linakuwa jiwe. Likinyeshewa kabla ya kuchomwa, linarudi kuwa tope, na kazi ya miezi inatiririka kurudi kijitoni. Nyumba ya mama ilikuwa ikivuja tangu sijaanza shule. Alitaka nyumba ya matofali kabla ya kuzeeka, na masika yalikuwa yanakaribia.

"Tumieni mashoka basi," alisema kesho yake.

"Nimetoa fahali," baba akasema, "halafu nikate kwa shoka? Watu wa Ogwedhi watanicheka."

"Watu wa Ogwedhi wako Ogwedhi."

"Kicheko kinatembea."

Na wenye mashoka wenyewe walikataa. Habari za mashine zilikuwa zimeshafika sokoni. Mmoja, mtu mwenye mabega kama mlango, aliniambia waziwazi: "Omera, ndugu yangu, nikianza kupiga shoka, nikitoka jasho, halafu hiyo kitu iwake na imalize mti mbele ya watoto wangu? Hapana. Wacha nione kwanza." Wakaja kuona. Walikuja kila siku na mashoka yao mabegani, wakakaa kivulini, wakaona.

Nikaanza kuufufua msumeno. Nilikuwa nimesomea historia. Sikuwahi kufungua hata saa. Lakini nilipenda jambo moja kuhusu injini: ukiiuliza swali, inajibu, na jibu lake halibadiliki kwa sababu ya umri wa anayeuliza. Kwenye ekzosi nilikuta nyumba ya nyigu, imejengwa vizuri kuliko ya kwetu. Mnyororo ulikuwa umeshikana kwa kutu kama rozari iliyozikwa. Niliulaza katika mafuta ya taa ndani ya beseni la mama la kufulia, na hilo lilikuwa kosa la kwanza alilonitajia kila siku. Nilisugua plagi kwa msasa mpaka ikang'aa, nikasafisha zile pointi mbili ndogo zinazogongana kutoa cheche, nikakata gasketi ya kabureta kutoka kwenye boksi la viatu. Kamba ya kuwashia ilikuwa imeoza. Nikaweka ya kufungia ndama. Nilinoa meno ya mnyororo kwa tupa, jino baada ya jino, huku wenye mashoka wakinikosoa.

"Hilo umelinoa mpaka limekuwa sindano, jasomo." Jasomo, yaani msomi, ndivyo walivyoniita.

"Atashona mti huyo."

Msumeno ulihitaji mafuta ya kulainisha mnyororo, na mafuta ya injini yalikuwa ghali Kosele. Baba akaleta mafuta ya kamongo, yule samaki mnene wa matopeni. Yalilainisha vizuri sana. Lakini tangu siku ile paka wote wa Kosele walihamia kwetu. Walikaa duara kuizunguka mashine, mkia juu ya miguu, nyuma yao wakakaa wenye mashoka, na nyuma ya wenye mashoka wakakaa wapita njia, kila mtu akisubiri kwa imani yake.

Siku moja msumeno uliwaka, kisha ukazimika kila tulipouinamisha. Ulikuwa mzima kabisa. Tulikuwa tukiushika vibaya. Kabureta za zamani namna ile hazikubali kulazwa ubavu, zinataka kukaa wima kama askofu. Ukitaka kukata mti uliolala au uliosimama, unafungua komeo na kuuzungusha ulimi peke yake. Nilipogundua hilo, niliuwasha, ukanguruma, ukaendelea kunguruma. Kuku walitawanyika. Mbwa wa jirani aliingia ndani ya lile bafu la ndama na hakutoka. Paka hawakusogea. Moshi wa buluu ulitanda juu ya tanuri la mama, naye akaja mbio akipiga vigelegele, kitambaa cha kichwani mkononi.

Nikamwita mmoja wa wenye mashoka ashike mshikio wa pili, tukaelekea kwenye mkalitusi.

Baba alisimama mbele yetu, mikono ameitanua.

"Mnakwenda wapi?"

"Kukata!" nilipiga kelele juu ya injini.

"Nani amefungua?"

Nikazima.

Kwetu, mtu hapandi kabla mkubwa wake hajapanda. Mvua ikianza, mzaliwa wa kwanza ndiye anayetoa mbegu, golo kodhi, kisha anafuata wa pili, kisha wa tatu, na mavuno vivyo hivyo. Anayemruka mkubwa wake anajiletea chira, maradhi ya kukonda bila sababu. Yote hayo nilikuwa nikiyajua tangu utotoni. Nisilojua ni kwamba yalihusu plagi.

"Mti ni wa babu yako," baba akasema. "Uko katika boma la babu yako. Mashine ni kitu kipya. Kitu kipya hakivuni chochote katika boma lile mpaka mkubwa akifungue. Mkubwa si mimi."

Mkubwa alikuwa baba mkubwa, kaka yake, mjenzi wa mashua kule Sindo, ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu mavuno ya mwaka uliotangulia. Siku ile ya maombi ya mavuno, baba alimkalisha katekista kwenye kiti cha baba mkubwa, kile cha miguu mitatu. Katekista alikuwa mtu mzito, kiti kikavunjika. Baba mkubwa alifika, akakuta mahali pake vipande vitatu vya mti na mtumishi wa Mungu sakafuni, akaapa mbele ya wote kwamba hataketi tena katika boma la baba yake mpaka apewe kiti chake. Baba alisema hawezi kulipa kiti kilichovunjwa na kanisa. Kanisa lilisema kiti kilikuwa kibovu.

"Shoka je?" nikauliza. "Shoka lilifunguliwa na nani?"

"Babu yako. Zamani."

"Kwa hiyo shoka linaruhusiwa kukata mti huu."

"Linaruhusiwa sana."

"Na hutaki tutumie shoka."

"Nimetoa fahali," baba akasema.

Nilijaribu kila mlango. Nikauliza chira ingempata nani: aliyeshika injini, aliyeshika mshikio, au aliyeuza petroli? Nikauliza kama kuwasha ni kufungua. Baba akaamua kwamba kuwasha si kufungua, kwa sababu kunoa jembe si kulima. Mashine inaweza kulia inavyotaka, bora isile. Nikaenda sokoni nikamuuliza mtu mmoja mmoja kama anaamini msumeno unaweza kumkondesha mtu. Hakuna hata mmoja aliyeamini. Mwenye duka alisema yeye ni Mkristo, lakini wenzake wangeona vibaya. Wenzake walisema hivyo hivyo juu yake. Nikagundua sheria iliyofuatwa na Kosele nzima bila kuwa na mwumini hata mmoja, na ilisimama imara kuliko zile zenye waumini.

Basi kwa majuma kadhaa tukawa na msumeno mzima kabisa ambao haukuruhusiwa kugusa mti. Kila alasiri baba aliniomba niuwashe, usije ukalala tena. Ulinguruma katikati ya uwanja, mnyororo ukizunguka hewani ukirusha mafuta ya kamongo, watu wakitingisha vichwa kwa kuridhika, na mwishowe nikauzima, wakaenda nyumbani. Mkalitusi ulikuwa umelala pale pale, unaonekana. Mama alipita katikati yetu na tita la kuni ndogo alizookota, akitazama mawingu.

"Kelele tumepata," alisema siku moja. "Sasa kuni."

Nikawaza: kama tatizo ni boma la babu, basi tukate kitu kisichotoka huko. Nikanunua kabichi. Si mti, si ya kwetu, imelimwa Kisii. Baba hakuona kizuizi. Tuliiweka juu ya kinu, nikashusha ulimi, na kabichi haikukatika, iliondoka. Katekista, ambaye alikuwa amekuja kumpa mama pole za matofali, alirudi nyumbani na majani ndani ya kola. Wenye mashoka walizungumzia jambo hilo mpaka Pasaka. Walianza kuniita Fundi wa Kabichi, na hata leo wapo wanaoniita hivyo.

Siku tone la kwanza lilipoanguka, tone moja tu, juu ya nyasi za tanuri, mama alipandisha hasira.

"Ndugu yako haji kwa sababu ya kiti," alimwambia baba. "Wewe huendi kwa sababu ya kichwa. Basi kama mkubwa haji kwenye mti, mti uende kwa mkubwa! Upakieni! Mpelekeeni huko Sindo akaubariki kama mtoto!"

Alikuwa anakejeli. Mtu yeyote mwenye masikio angejua. Lakini baba alitazama mti, akatazama barabara, na uso wake ukafunguka polepole.

"Haya ni maneno," alisema.

"Ni matusi!" mama akasema.

"Ni maneno," baba akarudia, akaenda kutafuta lori.

Gogo la kusafiri lilibidi litengwe na mti, na kwa kuwa msumeno ulikuwa bado umefungwa, lilikatwa kwa shoka. Wenye mashoka walikubali mara moja, kwa sababu sasa kazi yao haikuwa kukata kuni. Ilikuwa kukata gogo ambalo lingekwenda kukatwa. Walichagua sehemu ya chini, nene, kifua cha mti. Walipiga kwa zamu, wakiimba, vipande vyeupe vikiruka, na kabla jua halijawa kali gogo lilikuwa limetengana. Mama alisimama akitazama, mikono kiunoni.

"Kumbe shoka linakata," alisema.

Wenye mashoka wakaanza kuliviringisha gogo kuelekea barabarani.

Lori lilikuwa la mchuuzi wa samaki, ambaye hupanda na samaki wakavu na kushuka ziwani mtupu. Mimi nilitumwa na gogo na mashine. Baba hakuweza kwenda, maana angekuwa kama ametangulia kuomba. Dereva alitusaidia kupakia bila kusema, akaendesha kitambo bila kusema, kisha akashindwa.

"Huko Sindo hakuna miti?"

"Ipo."

"Na hii mashine ni ya kukata miti?"

"Ndiyo."

"Na mti huu ulikuwa karibu na mashine."

"Karibu sana."

Akaendesha tena. "Wewe ndiye yule uliyesoma?" akauliza.

Homa Bay tulisimamishwa na askari. Alizunguka lori, akagonga gogo kwa kirungu, akanusa mashine, akawafukuza paka wawili waliokuwa wametufuata bila mimi kujua.

"Hii mashine iko mzima?"

"Ni nzima, afande."

"Na hii gogo imeibiwa?"

"Ni yetu."

"Sasa sikiliza mimi. Mashine iko. Gogo iko. Nyinyi wote mko. Kwa nini haikatwi?"

Nikamweleza. Nilianza kwa sauti ya kucheka, kumwonyesha kwamba mimi ni mtu wa akili. Nilisema habari za kiti, na katekista, na mzaliwa wa kwanza. Nilipomaliza, askari hakuwa anacheka. Alivua kofia.

"Huyo mzee wa Sindo anajua mnakuja?"

"Hajui."

"Na umembebea nini?"

"Gogo."

"Gogo si zawadi, kijana. Unaenda kwa mkubwa mikono mitupu?" Akaingia kwenye kibanda chake akatoka na sukari iliyofungwa karatasi, ya kwake mwenyewe, akanipa. "Sema imetoka kwa baba yako. Pita."

Sindo, baba mkubwa alikuwa amepiga magoti chini ya mashua isiyomalizika, tezo mkononi. Aliniona, akaona lori, akaona gogo likishushwa na wafanyakazi wake. Alipokea sukari. Alimaliza kuchonga ubao aliokuwa akiuchonga. Ndipo akainuka.

"Wuod owadwa, mwana wa ndugu yangu," alisema, "baba yako amenitumia mti?"

"Amekutumia uufungue."

Nikamweleza, na nilipofika mwisho nilishindwa kujizuia. "Baba mkubwa, uliapa kutoketi. Hukuapa kutofika. Si ungekuja tu, ukasimama, ukavuta kamba, ukaondoka?"

"Mtu mzima aende kwa mdogo wake akasimame? Kama askari? Kama mdai?" Alizunguka gogo, akalipigapiga kwa kiganja. "Halafu nitajuaje kwamba huu ni mti wa baba?"

"Mimi nimekuja nao."

"Umekuja na mti. Mikalitusi iko kila mahali. Baba yako anaweza kuokota gogo lolote njiani, nikalifungua, akakata mti wa baba nyumbani kwa jina la gogo la watu. Nataka ushahidi."

Nilimtazama. Kampala nilikuwa nikisifiwa kwa kusema neno hilo.

"Ushahidi gani?"

"Nilipopata baiskeli yangu ya kwanza nilipigilia msumari kwenye mti wa baba, niitundike, mchwa wasile matairi. Msumari mrefu kuliko kidole hiki. Baba alinichapa kwa ajili ya mti. Mti ukaumeza. Kama huu ni mti wenyewe, msumari wangu umo."

"Baba mkubwa, mnyororo ukikutana na msumari..."

"Ndipo nitakapojua."

"...utavunjika meno."

"Jasomo," alisema, "unataka kujua au unataka meno?"

Alivua shati akalikunja. Nilimwonyesha pa kushika. Alivuta kamba mara moja, kwa mkono wa kushoto, akitazama ziwa, na msumeno ambao ulinitoa malengelenge kiangazi chote uliwaka papo hapo. Nilishika mshikio wa pili. Ulimi ulishuka ndani ya gogo kama kisu ndani ya ugali wa moto, unga wa mti ukatufunika magoti, harufu ya mkalitusi na kamongo ikajaa ufukwe mzima, na kipande cha kwanza kikaanguka mchangani. Wafanyakazi walishangilia. Baba mkubwa alikuwa anacheka mdomo wazi, bila sauti inayosikika.

Nikampungia mkono tuzime. Kufungua kulikuwa kumekwisha. Alitikisa kichwa. Akasogeza ulimi hatua moja, akaanza kukata tena. Nusu ya safari, msumeno ulipiga yowe ambalo sijapata kulisikia kutoka kwa chuma, cheche zikaruka, kitu kikapita sikioni kwangu kikaingia kwenye mashua, na injini ikafa.

Baba mkubwa akapiga magoti. Alichukua patasi, akachonga, akapuliza, na ndani ya mti mweupe pakaonekana kichwa cheusi cha msumari, kimekatwa ubavuni, kinang'aa.

"Ndiye!" alisema. Aliugusa kwa kidole. "Ndiye huyu! Ee, mzee wangu, ulikuwa hapa siku zote?"

Niliokota meno ya mnyororo kutoka mchangani. Mengi hayakuonekana. Msumeno sasa ulikuwa umefunguliwa kisheria, mbele ya mashahidi, na haukuweza kukata. Nilimwambia hivyo, na nilimwambia pia habari ya matofali ya mama, ambayo kwa aibu ya mambo yote mengine nilikuwa sijaitaja. Baba mkubwa aligeuka akatazama vilima vya Gwasi. Mawingu yalikuwa yamekaa juu yake kama wageni wasio na nia ya kuondoka.

"Mbona hukuanza na hilo?" alisema.

Aliita wafanyakazi. Walipakia msumeno wake mrefu wa mkono, ule wa kupasulia mbao, ambao huvutwa na watu wawili. Walipakia gogo. Kile kipande cha pili, chenye msumari, alikimaliza kukata kwa mkono, akakichonga juu kwa tezo mpaka kikawa laini, akauacha msumari utokeze kidogo ubavuni, akakibeba mwenyewe mapajani safari nzima. Homa Bay askari alitupigia saluti.

Tulipofika Kosele, baba mkubwa alishuka, akaingia langoni akiwa amebeba kile kipande kifuani, akatembea mpaka katikati ya uwanja. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Paka walikuwa wamekaa duara. Baba mkubwa aliweka kipande chini, akakijaribu kama kinayumba, akakikalia, akatundika kofia yake kwenye msumari.

"Nimeketi," alisema.

"Karibu," baba akasema.

Sikusikia wakisema neno jingine juu ya kiti. Mama aliwapa muda wa kunywa maji tu.

Waliushika msumeno wa mkono wao wawili, kaka upande huu na mdogo upande ule, na hapo pia walibishana nani avute kwanza, mpaka wakakubaliana kwamba kila gogo jipya avute mkubwa. Wenye mashoka waliingia upande wa pili wa mti; kwa kuwa mashine ilikuwa imeumia, hakuna aliyeogopa kuchekwa. Mimi nilinoa meno yaliyobaki, nikauwasha msumeno wangu kwenye matawi. Ulitafuna kama mzee asiye na meno anayekula mahindi ya kuchoma, kwa pembeni, kwa subira, ukitema. Lakini ulikata. Magogo yakasukumwa kwenye matundu, mama mwenyewe akatia moto, na tanuri likaanza kutoa mvuke.

Mvua ilikuja moto ukiwa haujaiva. Haikuja kwa matone; ilimwagwa, ikisukumwa na upepo kutoka ziwani, ikapiga ubavu mmoja wa tanuri. Tulishika mabati, mikeka, mlango wa zizi. Jirani alileta lile bafu, tukaliegemeza. Baba mkubwa alisimama na kiti chake kichwani. Ndani moto uliendelea kula. Nje, ubavu ule ulilainika mbele ya macho yetu, ukavimba, ukatoa tumbo, ukateremka.

Tanuri lilipopoa, mama aliyagonga matofali moja moja kwa fundo la kidole na kusikiliza. Mengi yalilia kama kengele. Yalitosha kuta tatu.

Nyumba ilijengwa mwaka ule ule: kuta tatu za matofali mekundu, na wa nne, ule unaotazama ziwa, wa fito na udongo. Kila masika upepo unaubandua, na kila baada ya masika lazima ukandikwe upya. Kukandika kwetu ni kazi ya wanawake. Lakini mama alitoa hukumu moja tu katika jambo lote lile, na hakuna aliyethubutu kuikatia rufaa: ukuta ule ni wa baba. Hivyo kila mwaka baba, mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa kuheshimiwa mnadani, hukunja suruali, hukanyaga udongo na kinyesi cha ng'ombe, na kuupaka ukuta kwa viganja huku wapita njia wakimtakia kazi njema.

Wageni humuuliza mama kwa nini hakumaliza matofali. Yeye huugonga ukuta ule kwa fundo la kidole, hautoi sauti yoyote, na huwaambia: "Huyu ni fahali mweusi."